Kumi na Nane kwa Ishirini

Jumapili jioni, Kakamega. Mvua ilianza saa nane na bado inanyesha. Viatu vyangu vya kanisani viko mlangoni, vimejaa tope jekundu la Iguhu, na sina nguvu ya kuviosha.

Sijaandika chochote hapa tangu Jumatano. Mnaosoma blogu hii mmezoea vituko vya insha za wanafunzi wangu na vita vyangu na kuku wa jirani. Leo sina kituko. Nina jambo la kukiri, na nikilichelewesha nitaanza kulipamba, kwa sababu kupamba maneno ndiyo kazi ninayoijua.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Kwa miaka mingi nimekuwa pia mlezi wa chama cha mdahalo shuleni kwetu. Niliamini kabisa kwamba mtu akifundishwa kupanga hoja na kuzitoa mbele ya watu, ukweli utapata nafasi ya kusikika. Nimewaambia watoto hivyo kila muhula.

Sasa sijui nilikuwa ninawafundisha nini.

Nianze na Rosebella. Ni mhudumu wa afya wa kujitolea kule upande wa Iguhu. Anatembea boma hadi boma akipima watoto wachanga na kuwakumbusha akina mama siku za chanjo. Alizaliwa Mayoni, kwenye miwa, akaolewa huku akiwa msichana. Mumewe alifariki, akamzika, akabaki kulea watoto wake palepale. Tunajuana kwa sababu tunasali pamoja. Si mtu wa maneno mengi. Ukimsalimia anakuitikia, kisha ananyamaza na kukusubiri useme shida yako.

Wiki tatu zilizopita alikuja kwangu na daftari kubwa na chupa ya maji. Chini ya ile chupa kulikuwa na mashapo ya rangi ya kutu. Aliniambia maji hayo ameyateka chemchemini asubuhi baada ya mvua. Juu ya chemchemi hiyo kuna kibanda cha kuchinjia ng'ombe, na mwakilishi wa wadi alikuwa ametangaza kwamba patajengwa kichinjio kikubwa palepale, pamoja na shimo la kutupia damu na matumbo. Kabla ya ujenzi kungekuwa na kikao cha kukusanya maoni ya wananchi.

Akanifungulia daftari. Alikuwa ameandika majina ya watoto waliougua kuhara na siku waliyougua. Pembeni, kwa kila siku iliyonyesha, alikuwa amechora wingu dogo kwa kalamu ya buluu. Nikafungua ukurasa baada ya ukurasa. Palipokuwa na wingu, majina yalifuata.

"Madam," akaniambia, "mimi naonanga tu. Kuongea mbele ya watu sijui. Nifundishe."

Nikamfundisha. Alikuja jioni nne, tukakaa sebuleni, chai ikapoa. Nilimwambia aanze na jambo ambalo kila mtu analikubali, kwamba sote tunakunywa maji ya chemchemi ile. Ndipo aeleze alichokiona. Mwisho aombe kitu kimoja tu kilicho wazi, kwamba kichinjio kijengwe ng'ambo ya barabara, upande wa chini, ambako hakuna chemchemi. Nataka hili lieleweke: Rosebella hakupinga kichinjio. Aliomba kisogezwe.

Jioni ya nne alisema yote bila kutazama karatasi. Nilimpigia makofi nikiwa peke yangu kwenye kochi, naye akacheka huku ameziba mdomo kwa mkono.

Alijua kwamba mwakilishi wetu wa wadi, Elphas, alikuwa mwanafunzi wangu. Kila mtu anajua. Kitu ambacho sikumwambia ni namna nilivyomfundisha.

Elphas alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti iliyomzidi mwili. Mwaka tuliofika fainali ya mdahalo, mada ilikuwa kama kilimo cha miwa kimemfaidisha mkulima kuliko mahindi. Sisi tulitetea miwa. Upande wa pili kulikuwa na msichana mmoja mwenye miwani aliyekuja amejiandaa hasa. Kila hoja aliitoa na mfano wake, na kufikia mapumziko tulikuwa tumeshindwa. Elphas alinijia nyuma ya ukumbi kuniuliza afanye nini. Nilimshika bega nikamwambia, "Usishindane na hoja zake. Shindana naye."

Aliporudi jukwaani alimgeukia yule msichana akamuuliza kama amewahi kubeba muwa begani. Msichana alikuwa mtoto wa mjini. Alisema hapana. Ukumbi ukalipuka, na hakuna aliyekumbuka tena alichokuwa amesema. Tukapewa kikombe. Nilimwona yule binti akikusanya karatasi zake moja moja, akizipanga vizuri kama mtu ambaye bado anadhani zitatumika. Niliangalia pembeni. Mwalimu mkuu alikuwa ananipa mkono.

Kikao kilifanyika Alhamisi katika uwanja wa shule ya msingi. Wananchi walikaa kwenye nyasi, wengine walisimama chini ya mikaratusi. Mbele kulikuwa na hema moja la wageni, lenye viti vilivyovalishwa vitambaa vyeupe na meza ya chupa za maji. Rosebella alikuwa kwenye nyasi, safu ya tatu, amevaa leso mpya, daftari mapajani. Nilikuwa ninaelekea kukaa naye, kwa sababu ndivyo tulivyokubaliana. Ndipo Elphas akaniona.

"Huyo ndiye aliyenifundisha kuongea," akasema kwenye kipaza sauti. "Mleteni Madam hapa mbele."

Watu wakapiga makofi. Mwanamke mmoja akanifutia kiti.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilitembea mbele ya watu wote wale nikifurahi, nikaketi, nikafunguliwa chupa ya maji ya dukani.

Elphas alihutubia kwanza. Alikuwa mzuri, ni bure kukataa. Alianza kwa Kiidakho, lugha ya hapa, akawasalimu wazee kwa koo zao, akaingia Kiswahili, akawachekesha. Aliongea juu ya vijana watakaopata kazi na soko litakalochangamka. Hakugusa suala la maji. Kisha afisa aliyetoka kaunti akauliza kama kuna mwenye maoni.

Rosebella alisimama. Alipopewa kipaza sauti alikishika kwa mikono miwili kama kikombe cha uji. Alianza vilevile tulivyofanya mazoezi. Sote tunakunywa maji ya chemchemi ile, akasema, na wazee wakaitikia kwa vichwa. Akaeleza kuhusu mvua na watoto. Hakutaja jina la mtoto yeyote. Alisema hayo ni ya wazazi wao. Aliinua ile chupa. Nilianza kusikia ule ukimya unaokuja watu wanapofikiri kweli, nami nikapata matumaini. Akaomba kichinjio kisogezwe ng'ambo ya barabara. Halafu akashukuru.

Hakuna kosa alilofanya. Hata mimi nisingemrekebisha mahali popote.

Elphas alitabasamu. Alimshukuru mama kwa kujitokeza. Akasema maji yanaweza kutekwa popote, hata kwenye mtaro, na hakuna aliyemwona akiyateka. Watu walicheka kidogo tu. Akaona hilo halitoshi. Nilimwona akifikiri, na nilijua linalokuja kabla hajafungua mdomo, jinsi mzazi anavyojua mtoto wake ataanguka upande gani.

"Mama, nikuulize kwa heshima," akasema. "Kwenu ni wapi?"

Rosebella akatazama huku na huku. Akajibu, "Mayoni."

"Mayoni." Elphas akawageukia watu. "Kumbe Mayoni wametutumia mtu wa kutuonyesha maji yetu."

Kicheko kilianzia kwa vijana waliokuwa kwenye pikipiki zao pembeni kikaenea uwanja mzima. Wanawake ambao Rosebella aliwashika mkono usiku wa kujifungua walicheka. Nadhani wengi hawakuwa na ubaya. Lilikuwa jambo la kuchekesha, basi. Elphas akaongeza kwamba kila maendeleo yakija hapa hutokea mtu wa mbali kuyazuia, na kelele zikazidi. Rosebella alijaribu kusema kitu. Kipaza sauti kilikuwa kimekwisha kuchukuliwa.

Alinitazama. Nilikuwa umbali wa kama hatua kumi na tano.

Ningeweza kusimama. Kwa jinsi Elphas alivyokuwa amenitambulisha, hakuna mtu ambaye angeninyima kipaza sauti. Ningesema mama huyu ameishi hapa miaka mingi kuliko aliyoishi Mayoni, na kwamba mumewe amezikwa mwendo mfupi kutoka uwanja huu. Ningemwambia Elphas ajibu suala la maji. Maneno yote yalikuwa tayari kinywani, yamepangwa. Niliangalia chupa yangu nikaanza kusoma maandishi yaliyoko kwenye karatasi yake.

Afisa aliandika kwamba wananchi wameunga mkono.

Ijumaa video ilikuwa imefika kila mahali. Mtu alikuwa amekata kipande cha swali na jibu, akakiwekea muziki. Kwenye kundi la simu la wadi yetu watu walikuwa wanatuma vikaragosi vya kucheka. Mchana tulikuwa na mdahalo. Msichana mmoja wa Kidato cha Pili alikuwa anaeleza kwa nini vipindi vya jioni vifupishwe, anaeleza vizuri sana, na mpinzani wake akasimama akamuuliza, kwa sauti ya Elphas kabisa, "Kwenu ni wapi?" Darasa lilicheka kicheko kilekile. Msichana ni wa Bukura. Alikaa chini kana kwamba Bukura ni kosa.

Nilisema muda umekwisha. Ulikuwa umebaki nusu saa.

Jumamosi, nikiwa ninafua, Elphas alinipigia simu. Aliniuliza kuhusu afya, kuhusu mguu wangu unaoniuma siku za baridi. Hajawahi kusahau ule mguu. Hilo ndilo linalonichanganya; si mtu katili. Akanishukuru kwa kuja kikaoni. Nikakusanya nguvu nikamwambia kwamba yule mama alikuwa na hoja.

"Alikuwa nayo, Madam," akasema bila kusita. "Ndiyo maana sikuijibu. Si wewe ulitufundisha?"

Alisema kwa upendo. Hakukuwa na kejeli hata chembe. Alieleza kwamba mipango ya mahali pale ilikuwa imekwisha kupita na hakuna namna ya kuibadilisha sasa, na kwamba angekaa kubishana juu ya maji wangekuwa uwanjani mpaka leo. Halafu akashusha sauti, akawa yule mvulana wa nyuma ya ukumbi.

"Lakini ukweli tu. Kwa ishirini ungenipa ngapi?"

Mlioenda shule mnakumbuka, insha hapa kwetu husahihishwa kwa ishirini. Nilisimama pale uani, povu mikononi. Kulikuwa na majibu mengi. Nikasema, "Kumi na nane."

Akacheka kwa furaha. Akauliza zile alama mbili nimezikatia wapi.

Nikasema, "Sarufi."

Sijui niandike nini baada ya hapo. Nimelitazama neno hilo muda mrefu.

Leo baada ya ibada nilienda kwa Rosebella. Hakuwa amekuja kanisani. Nilimkuta jikoni anachambua mrenda, masufuria mawili ya maji yanachemka kwenye kuni, moja la kunywa na moja la kuoshea vyombo. Alinipa kigoda. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba radhi njia nzima, na yalikuwa maneno mazuri, kwa hiyo niliyaonea haya. Nikamwambia tu kwamba niliogopa.

Aliendelea na mboga zake.

"Nilikuona hemani," akasema baadaye. "Nikajua utasimama. Nilikuwa nakuhesabia: moja, mbili, tatu."

Hakulia wala hakunilaumu zaidi ya hapo. Aliniambia mambo mengine kama mtu anayetoa ripoti. Tangu Alhamisi watu wakimwona langoni wanamuuliza ameleta habari gani za Mayoni. Wanafanya mzaha, lakini hawamfungulii. Ijumaa mama mmoja alikataa mtoto wake apimwe. Na kwa jirani yake wa pili, mtoto mdogo amekuwa akiharisha tangu juzi. Amesikia kwa watoto wake. Mama wa yule mtoto hajamwita. Rosebella alienda jana mpaka mlangoni na pakiti za dawa mfukoni, akasikia wanacheka ndani, labda walikuwa wanacheka mambo yao, akarudi.

"Sikuwahi kurudi kwa mlango wa mtu, Madam," akasema.

Nikamwambia twende sasa hivi.

Mvua ilikuwa imeanza. Tulijifunika gunia la nailoni moja, wawili. Mama wa mtoto alitoka nje, akasimama mlangoni akiziba njia. Ni msichana tu, hana hata miaka ishirini na mitano. Alisema mtoto anaendelea vizuri, ni meno tu. Nikaanza kazi yangu. Nilimweleza kwa upole kwamba kuharisha siku tatu si meno, kwamba mtoto anapoteza maji mwilini, kwamba Rosebella amesomea jambo hili na hana faida yoyote anayopata. Nilimkumbusha kwamba ni Rosebella huyu aliyempeleka hospitali kujifungua. Nilitoa sababu baada ya sababu, kila moja mahali pake. Yule msichana alikuwa ananitazama mdomo tu. Nyuma yake nilimsikia mtoto akilia, kilio kidogo kikavu, na Rosebella akanibana mkono.

"Hicho si kilio kizuri," akanong'ona.

Nikasema, "Mimi ndiye mwalimu wa Mheshimiwa. Yule aliyeitwa hemani."

Msichana akabadilika uso. Akasema, "Woi, Madam, sikukujua," akaondoka mlangoni, akatafuta kitambaa cha kupangusa kiti.

Mtoto alikuwa amelegea, macho yameingia ndani. Rosebella alimvuta ngozi ya tumbo taratibu, na ngozi ikakawia kurudi. Alichanganya dawa kwenye kikombe, akaanza kumnywesha kijiko kwa kijiko, akamwagiza baba aite pikipiki. Tuliwapakia mama na mtoto, Rosebella nyuma yao ameshika mwavuli wa nyumba ile, wakaenda hospitalini. Mimi nilibaki chini ya upenu na bibi wa mtoto, ambaye alinisifu kwa jinsi Mheshimiwa anavyojua kuongea.

Saa kumi na moja Rosebella alipiga simu. Mtoto amelazwa, ametundikiwa maji. Daktari amesema amefika kwa wakati, ingawa ni kwa bahati tu. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, na ninamshukuru bado. Nikamuuliza Rosebella kama ataendelea na kazi yake. Akasema atamalizia mtoto huyu kwanza.

Nimekuwa nikijiambia jioni yote kwamba angalau leo nilisimama. Lakini sikushawishi mtu leo. Kila sababu niliyoitoa mlangoni pale ilikuwa ya kweli, na mtoto angekufa nikiwa bado ninazitoa. Kilichofungua mlango ni jina la mtu aliyemwaibisha Rosebella. Nilipolitaja, sikuona haya hata kidogo. Lilikuja rahisi kuliko yote niliyowahi kusema.

Nimeandika pia barua ya kupinga mahali pa kichinjio, kurasa mbili, kwa jina langu, kwa sababu sheria inaruhusu maoni ya maandishi. Nitaipeleka kesho mchana. Nina hakika kiasi kwamba itapigwa muhuri na kuwekwa kwenye faili, na shimo litachimbwa kabla ya mvua za mwisho wa mwaka. Nitaipeleka hata hivyo. Sisemi hivyo kwa ushujaa. Sijui kitu kingine cha kufanya na mikono yangu.

Kabla ya hapo, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, nina kipindi na Kidato cha Tatu. Nimefungua mpango wa masomo nione tumefika wapi. Mada ya kesho ni hotuba. Kuna swali la kufungulia kipindi, nililiandika mwenyewe muhula uliopita, kwa wino mwekundu: "Hotuba nzuri ni ipi?"

Watoto arobaini na wanane watainua mikono. Wengi wao wameiona ile video. Watanitajia Elphas, na watakuwa wananitazama wakisubiri niitikie kwa kichwa.